Juya limalize kizazi cha samaki ndio tuanze kulia?
Nimesoma hii habari ya msako wa majuya, zile nyavu za kukokota, hapa Malindi na naona wengi mwasema wavuvi wanaonewa, jamani juya limepigwa marufuku Kenya tangu 2001 sio mambo ya jana! Lile likikokotwa kwenye nyasi za bahari latoa mpaka samaki wachanga kama tafi na changu ambao hata hawajazaa, sasa mwaka ujao utavua nini? Na samaki kikande akiisha, wale viumbe weusi wa miiba mirefu (sea urchins) anaowala wanazidi, wanamomonyoa matumbawe, samaki wakose pa kukaa. Kuchoma nyavu peke yake mimi sikubaliani, mwenye juya ana watoto, apewe mkopo wa nyavu halali kupitia BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, kwanza.