Mjomba Aliyekufa Mara Tatu

Darasa langu la jioni liko Eastleigh, Nairobi. Wanafunzi ni 12, watu wazima wote, wengi wao wachuuzi waliotoka Mogadishu, Bukavu na Addis Ababa, wanaotaka Kiingereza cha kupatania bei.

Siku moja niliingia kwa kiburi. "Kuanzia leo tutaandika kwenye wiki!"

Mama muuza madera akauliza, "Wiki hii au ijayo?"

Nikajieleza: hili si la siku saba, ni neno la Kihawaii, maana yake haraka, ambalo mtaalamu wa programu Ward Cunningham aliipa tovuti yake ya kuhaririwa na yeyote mwaka 1995, akikumbuka basi la uwanja wa ndege wa Honolulu. Mzee wa Bukavu akatikisa kichwa. "Haraka gani hiyo inachukua wiki?" Nikaachana nayo, nikafungua Google Docs, mahali pa watu wengi kuandika hati moja kwa pamoja mtandaoni.

Kiungo nilikituma kwa WhatsApp. Huko anayeingia bila akaunti hubandikwa jina la mnyama, kwa hiyo nikajikuta nafundisha capybara na kiboko. Mzee alikataa katakata kuwa kiboko, lakini somo likaenda: ukishataja "yesterday", usilete "has" wala "have". Nilirudia huku nikipiga meza.

Usiku huo nilikuwa na shida zangu. Kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa siku 9, na wakala wetu hasikii udhuru wa mdomo. Anataka barua, tena ya Kiingereza. Nikafungua kompyuta, nikaandika kwa uchungu: "My uncle has died yesterday and I am having many expenses." Mjomba mwenyewe yuko Machakos, mzima kama jiwe, anakula muthokoi.

Nikaenda jikoni kuinjika chai. Kurudi, barua ina rangi rangi kama dera la Idi. Kumbe nimeiandika kwenye ukurasa wa darasa! Capybara amefuta "has". Kiboko amegeuza "am having" kuwa "had". Pembeni mtu ameandika: "Mwalimu, yesterday! Si ulipiga meza?" Na chini yake mama wa madera: "Inna lillahi. Pole sana mwalimu wetu."

Nikafuta yote. Tatizo ni kwamba hati ya aina hii haisahau. Kila mlichoandika kinawekwa kwenye historia. Kijana fundi simu, mwenye akaunti na bidii isiyoombwa, akadhani kuna mwizi, akairudisha mara moja, na juu akaweka kwa herufi kubwa: "DO NOT DELETE TEACHER'S UNCLE." Nikafuta, akarudisha. Nikafuta tena, akarudisha tena. Ukihesabu na kifo cha kwanza nilichokiandika mwenyewe, utaona nimempunguzia mjomba idadi kwenye kichwa cha habari.

Kisha simu ikaanza kulia. M-Pesa. Shilingi 200. Shilingi 500. Nyingine 300. Kufika saa nne usiku rambirambi ilikuwa 4,300, na deni la kodi lilikuwa 4,500. Sitawaficha: niliikodolea macho hesabu hiyo mpaka chai ikapoa.

Kesho yake nilipanda matatu namba 9, nikasimama mbele yao, nikakiri. Kimya. Nikazirudisha pesa moja baada ya nyingine, ada ya kutuma juu yangu. Mzee wa Bukavu alipopata zake alisema tu, "Sasa hata kiboko nimekubali. Lakini wewe, mwalimu, ni mnyama gani?"

Walicheka mpaka jirani wa duka la mapazia akaja kuchungulia. Nikauliza kama kuna swali jingine, nikiomba lisiwepo.

Mama wa madera akainuka, akaenda ubaoni, akaandika: "Teacher's uncle did not died yesterday."

Nikamwambia ukishaweka "did", kitenzi hurudi kwenye umbo lake la asili.

Akafuta ile "d" ya mwisho kwa kidole, akarudi kuketi.