Mfupi Anakufa, Mjomba Anasikiliza

Wadau najua mshapata habari. Yule jamaa yangu anayejiita Gandalf wa Tabata keshazunguka kwa watu anasema eti nilisimama katikati ya kikao cha sendofu nikamtabiria bwana harusi kifo. Uongo. Kwanza sikusimama, nilikuwa nimekaa, miguu yenyewe ilishaacha kazi. Pili sijatabiri kitu, kile kifo kipo kwenye kitabu cha Tolkien, The Hobbit, tangu 1937, na jamaa angekuwa anasoma badala ya kusubiri filamu angekijua, na angekijua tusingebishana, na tusingebishana mimi leo ningekuwa bado naitwa kwenye vikao vya ukoo. Kwa hiyo chanzo ni yeye, andikeni hivyo.

Haya. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaolewa. Mi nimo kwenye kamati, sio kwa kupenda, ukishakuwa na kakazi hukwepi kamati, mnajua wenyewe. Grupu la kamati lina picha ya pete mbili za dhahabu. Grupu letu la wapenzi wa vitabu vya Tolkien nalo lina picha ya pete, moja, ya dhahabu. Kwenye simu yenye kioo kilichopasuka pete ni pete. Hapo naomba mnielewe maana nyumbani hawajanielewa.

Jumapili kikao, baa ya bustani, viti vya plastiki, meza zimeunganishwa. Ajenda hela. Mwanzoni tuliambiwa shughuli ni mbili, sendofu na harusi, tukaahidi michango yetu vizuri tu, halafu katikati ikachomekwa kicheni pati na bahasha nyingine. Watu wamenuna ila hakuna anayesema. Na siku hiyo upande wa bwana harusi wamemleta mjomba mtu aje kuweka mambo sawa, mzee mpole, kaunda suti imenyooshwa, anakunywa maji yake taratibu, kila anayeingia shikamoo mzee, marahaba. Ongezeni na hili: dada ni mrefu. Shemeji ni mtu safi sana, mstaarabu, ana ndevu zake nzuri, ila kwenye urefu Mungu alimpimia. Hii kwenye ukoo haisemwi. Hakuna kikao kilichopitisha, ila haisemwi.

Sasa mweka hazina anasoma majina ya wadaiwa, simu ikatetemeka. Jamaa, ambaye alikuwa meza hiyohiyo, viti vichache tu kutoka kwangu, anachati chini ya meza, kaandika kule kwetu kwamba filamu za The Hobbit zimekizidi kitabu. ZIMEKIZIDI. Nikajizuia. Akaendelea, oh, The Lord of the Rings mnaisifu, ile ya mwisho ilizoa Oscar 11, na nayo ilibadili kitabu, Tom Bombadil, mhusika wa kitabuni, alikatwa mzima mzima mbona hamkuweka msiba, kwa nini The Hobbit ndo ionewe? Hapo ana kahoja kidogo, sikatai. Lakini kule kulikuwa na vitabu vitatu vizito, lazima upunguze. Huku ni kakitabu kamoja ka watoto, wakakaongeza maji mpaka kakatoka filamu tatu, 2012, 2013, 2014. Ile vita ya mwisho kwenye kitabu Bilbo mwenyewe, mhusika mkuu, alipigwa jiwe akazimia, kaja kuzinduka watu wameshamaliza, wenzetu wakaifanya karibu filamu nzima! Halafu akamalizia kwa dharau, "bila Tauriel hicho kitabu chenu hakina hata mwanamke mmoja." (Tauriel ni mwanamke wa jamii ya elf, kitabuni hayumo, filamu ndo zilimzua.) Watu wakamrushia vidole gumba.

Nikaona hii haiandikiki, hii ni ya mdomo. Nikaaga naenda msalani, nikasimama nyuma karibu na jenereta, nikabonyeza ile maiki, nikamwaga sumu yote, nikaachia, nikarudi kukaa roho nyeupe kabisa nikaagiza na soda.

Sasa mama mdogo ni wale watu ambao voisi hawaweki sikioni. Anaishika simu bapa mbele ya mdomo kama andazi, sauti mwisho, anasikiliza na mtaa. Nikasikia mtu anafoka. Nikawaza, huyu nani anafoka hivi Jumapili yote hii. Halafu nikaijua ile sauti.

"Tuambizane ukweli jamani! Kitu chenyewe kidogo, cha kumaliza jioni moja, kimevutwa mpaka vikawa vitatu!"

Mweka hazina akanyanyua macho kwenye daftari.

"Mwanzo walisema viwili, tukakubali. Katikati wakaongeza cha tatu. Kwa nini? Hela! Hela tu! Na sisi mabwege tukalipa vyote!"

Kuna mtu mwisho wa meza akasema "kweli kabisa". Naapa. Alisema.

Hapo ndo nilitakiwa niruke nimnyang'anye mama mdogo simu. Mwili ulikataa wadau. Nikaitoa yangu, vidole vinateleza na maji ya ile soda, nikaipata ile voisi, nikaishikilia, yakaja yale machaguo, futa kwa wote, futa kwangu. Nikabonyeza. Ikapotea. Nikashusha pumzi. Kumbe nimejifutia mwenyewe! Yaani ndani ya lile grupu zima mtu pekee ambaye hakuwa tena na ile voisi ni mimi.

"Na yule mzee naye kakalia mali, dhahabu imempanda kichwani, mtu hapewi hata senti!"

Jamani, hapo nilikuwa namsifia Thorin, mfalme wa mbilikimo! Nilikuwa nasema ugonjwa wa dhahabu ndo kitu pekee filamu wamekipatia. Ila neno "wamepatia" lilikuja mbele huko na hakuna aliyelisubiri. Mweka hazina alifunga daftari. Taratibu. Akaweka na kalamu juu yake.

Na sasa simu nyingine nazo zimefunguka, kila mtu kaanza kwa wakati wake, huku nasema viwili, kule vitatu, pale mabwege, baba mdogo bado anatafuta miwani. Nikamwangalia jamaa. Mtu pekee duniani ambaye angeweza kunyanyua mkono akasema wazee samahani, hii ni filamu. Kajaza tishu mdomoni, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Ndo huyo mnayemwamini.

"Halafu huyo mwanamke. Katoka wapi? Hayumo! Mwanamke mrefu vile, mzuri vile, mnampachika kwa mfupi, wameongea mara mbili tatu tayari mapenzi. Nani anayaamini hayo mapenzi? Hata mwenyewe alishakataa mapema, alisema hataki kuwekwa katikati ya wanaume wawili, wakamrudisha wakamlazimisha!"

(Ni Evangeline Lilly, aliyeigiza Tauriel. MUIGIZAJI. Alishaeleza mwenyewe kwenye mahojiano kwamba aliikubali ile nafasi kwa sharti hakutakuwa na mapenzi ya pembe tatu, baadaye wakamwita kwenye picha za nyongeza akayakuta yanamsubiri. Mashabiki wote tunalijua. Kamati ilikuwa haijaletewa taarifa hiyo.)

Mama mkubwa, mama mwenye mtoto, kaweka glasi chini. Mjomba mtu akamgeukia, kwa adabu zote, sauti ileile ya upole, akauliza, "Wawili? Huyo wa pili ni nani?"

Na mimi kwenye simu, utafikiri nimesikia swali, nikajibu: "Na lile jamaa leupe lenye manywele marefu nalo limekuja kufanya nini? Halihusiki hapa!"

Legolas, elf wa The Lord of the Rings. Hayumo kwenye kitabu cha The Hobbit. Ni kweli hahusiki. Nipo sahihi na nimekwisha.

Nikajua kinachofuata. Hicho ndo kilikuwa kibaya kuliko vyote, kuijua sentensi inakuja na umekaa nayo.

"Na mwisho wake mnaujua. Mfupi anakufa. Anakufa! Ila alitakiwa afe akimkinga mjomba wake, hiyo ndo heshima! Sasa nyie mnamuua kwa ajili ya mwanamke. Na pete? Hebu niambieni, pete nani anaikumbuka tena?"

Kimya. Jenereta tu. Mjomba kashika chupa yake ya maji, hanywi, haiweki chini. Halafu simu ya baba mdogo, miwani keshaipata, mtandao ulimchelewesha, ikarudia yenyewe peke yake pale mezani: "Mfupi anakufa. Anakufa!"

Kwa wasiosoma: yule mfupi ni Kili, mbilikimo anayependana na Tauriel kwenye filamu. Kwenye kitabu yeye na kaka yake Fili wanakufa wakimkinga Thorin, ambaye ni kaka wa mama yao. Mjomba mtu. Moja ya sehemu nzito kabisa za kile kitabu na imepita kwa sentensi moja tu. Filamu ikaigeuza ikawa habari za Tauriel. Hoja yangu ilikuwa hiyo, na bado naisimamia, ila sio mbele ya mjomba mtu mwingine.

Yaliyobaki mafupi. Nilijaribu kueleza, maelezo yakaanza na "kuna joka", nikapoteza watu wote hapohapo. Nimepigwa faini, kreti za soda na kitenge cha mama mkubwa, soda zinapelekwa kwa mjomba kwa mafungu. Mweka hazina kajiuzulu, akarudi Jumanne. Dada kacheka mpaka kakohoa. Shemeji kanitumia picha ya shoka, bila maneno, sijui ni utani. Kicheni pati imeunganishwa na sendofu na kuna watu watatu wamenishukuru pembeni, majina yao nitakufa nayo.

Ila msaliti hajatosheka. Mjomba aliposikia ni filamu kweli akaomba azione, jamaa kamjazia zote tatu kwenye flashi, akamuingiza na kwenye grupu letu. Jana usiku mzee kaandika: "Nimemaliza kutazama. Yule binti mrefu ndiye mwenye akili peke yake mle ndani. Mwandishi alikosea kumwacha." Makofi yakajaa grupu zima, jamaa wa kwanza. Nimeandika jibu refu, lina kurasa na sura, nikalifuta. Kreti moja bado sijapeleka.