Je, Vijana Wameisusa Sajili ya Wapigakura?

Katika vibanda vya chai mjini Nakuru, Kenya, lawama ni ile ile: vijana ni mahodari wa kupiga kelele, kama walivyofanya Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, lakini kujisajili kuwa wapigakura kunawashinda. Lawama hiyo haijatoka hewani. Usajili hauna malipo, tena huchukua dakika chache. Na mwishoni mwa 2021, Tume ya Uchaguzi (IEBC) iliposhusha mashine za usajili hadi kwenye wadi kwa mwezi mmoja, ikilenga wapigakura wapya milioni 6, waliosajiliwa walikuwa kama milioni 1.5 tu. Anayewatetea vijana, nami nimo, hana budi kuimeza aibu hiyo kwanza.

Takwimu inayonisumbua ni nyingine. Sajili ya 2022 ilikuwa na majina 22,120,458, na wenye umri wa miaka 18 hadi 34 walikuwa 8,811,691, yaani asilimia 39.84. Tangu 2017 sajili nzima ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 12.79, ilhali idadi ya vijana ilipungua kwa asilimia 5.27. Ni kweli kwamba kila mwaka wapo wanaotimiza miaka 35 na kuhesabiwa kwingine. Lakini katika miaka hiyo mitano waliotimiza 18 walikuwa wengi kuliko hao, maana nchi hii si ya wazee. Walikwamia wapi? Mvivu hajitokezi hata mara moja, na baadhi ya ninaowajua walijitokeza wakarudishwa.

Mpwa wangu, anayefanya kazi ya mjengo huko Njoro, alikaa miezi minne na karatasi ya kusubiria kitambulisho, na karatasi hiyo haimsajili mtu: sheria inataka kitambulisho chenyewe au pasipoti. Kilipotoka, aliacha kibarua siku moja, akalipa nauli hadi afisi ya usajili, akakuta stima zimepotea na mashine haina chaji. Akaambiwa arudi kesho. Mwenye kazi ya mshahara humwomba mkubwa wake ruhusa. Kibarua asipofika asubuhi, nafasi yake ina mtu mwingine kabla ya saa mbili.

Tume nayo ina hoja kwamba mashine na makarani ni gharama, na haiwezi kupiga kambi katika kila kijiji mwaka mzima. Ndiyo maana usajili uliporejea Septemba 29, 2025 ulianzia katika afisi za maeneobunge. Lakini Kifungu cha 83 cha Katiba kinaagiza kwamba mipango ya usajili imrahisishie raia kupiga kura, wala isimnyime haki hiyo, na agizo hilo linaielekea serikali kabla ya kumfikia kijana. Kati ya afisi moja ya eneobunge na kila kijiji pana nafasi kubwa: sokoni siku ya soko, Chuo Kikuu cha Egerton wanafunzi wanaporipoti, na hasa pale vitambulisho vinapochukuliwa, mashine ya kusajili wapigakura ikiwa meza ya pili. Mpwa wangu angemaliza yote mawili kwa nauli moja. Ninapoandika haya, bado hajarudi.