Bei ikishuka, anayelipa ni mpagazi

Kila utalii wa Tanzania unapopigwa, mjadala huanzia kwenye idadi ya wageni. Mwaka 2019 waliingia watalii 1,527,230. Mwaka 2020 wakaja 620,867, na mapato yakaporomoka kutoka dola bilioni 2.6 hadi milioni 714 na ushei. Takwimu hizo zinauma, lakini hazisemi hasara inamwangukia nani. Hilo utaliona ukikaa na karatasi ya hesabu ya safari moja tu.

Tuchukue Kilimanjaro, njia ya Machame, siku 7. Mgeni anayetoka nje ya Afrika Mashariki hulipiwa ada ya hifadhi dola 70 kwa siku, yaani 490. Kambi ni dola 50 kwa usiku; usiku 6 ni 300. Ada ya uokoaji 20. Hapo tuna 810. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18, ambayo ada za hifadhi zilianza kutozwa Julai 2016, inaongeza 145.80. Hujanunua hata kilo ya mchele, na kichwa kimoja kimeshakula dola 955.80.

Sasa kampuni ya utalii iliyokaukiwa wageni mwaka mzima inaona mshindani anatangaza dola 1,300, nayo inashuka hapohapo. Wageni wawili wanaleta 2,600. Ada zinachukua 1,911.60, zinabaki 688.40. Kwa viwango vinavyotajwa miaka yote, dola 10 kwa siku kwa mpagazi, 15 kwa mpishi na 20 kwa kiongozi, wapagazi 7 ni 490, mpishi 105, kiongozi 140. Jumla 735. Umeshazama dola 46.60, na bado hujagusa kiongozi msaidizi, chakula, gesi, gari la kwenda Machame na kurudi kutoka Mweka, geti la kushukia, wala hoteli ya Moshi kabla na baada ya mlima.

Safari hiyo haiwezekani kwa hesabu, lakini inapanda. Inapandaje? Ada ya hifadhi haina mjadala, bila risiti geti halifunguki. VAT haina mjadala. Kinachobaki cha kukata ni mtu. Wapagazi 7 wanakuwa 5, na mzigo uliopimwa getini usizidi kilo 20 kwa mtu unapangwa upya huko mbele, mbali na macho ya askari. Mshahara unageuka ahadi ya bahashishi. Chakula cha wafanyakazi kinakuwa mlo mmoja, na usiku wanabanana kwenye hema ambalo wageni wamemaliza kulia chakula. Mgeni anarudi kwao akisifia bei.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri unaorudi kila msukosuko unapotokea, kwamba kampuni zishushe bei ili kuvuta soko. Sehemu kubwa ya gharama imefungwa na serikali, tena kwa dola. Serengeti msimu wa wageni wengi ni dola 82.60 kwa saa 24 pamoja na VAT, na ukichelewa kutoka unalipa tena. Gari moja kushuka bonde la Ngorongoro ni dola 295. Kampuni inayojitapa kupunguza asilimia 20 ya bei yote inazitoa kwenye sehemu ndogo isiyofungwa: mishahara, matairi, breki, bima.

Tatizo la pili ni amana. Mgeni hulipa mapema, mara nyingi asilimia 30, salio likifuata wiki chache kabla ya safari. Kampuni nyingi ndogo hutumia amana ya mgeni wa Agosti kumsafirisha mgeni wa Februari. Wageni wakiwa wanafuatana, mtindo huo unaenda. Machi 2020 mnyororo ulikatika na watu wakagundua kwamba fedha waliyodhani ni yao ilikuwa deni. Wakala wa Ulaya anabanwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya safari za vifurushi: safari ikifutwa, mteja arudishiwe fedha ndani ya siku 14. Basi naye anaigeukia kampuni ya Arusha, ambayo imeshalipa loji, na loji imeshalipa mishahara na dizeli.

Juu ya hapo VAT hudaiwa amana inapopokelewa, hata kama safari iko miezi 8 mbele. Ritani inawasilishwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Safari ikifutwa kuna marekebisho ya hesabu, lakini fedha taslimu imeshaondoka. Kama kuna mahali pamoja pa serikali kugusa wakati wa janga bila kupoteza senti ya kodi, ni hapa: VAT ya amana isubiri hadi siku mgeni anapoingia getini.

Kampuni nayo ina kazi yake. Amana zikae akaunti tofauti ya dola, zisichanganywe na fedha za matumizi. Kitu kinatoka humo pale tu ankara ya loji au ada ya safari hiyohiyo inapofika. Mkataba na loji useme wazi kwamba safari ikizuiwa na mamlaka, malipo yanahamishiwa tarehe nyingine ndani ya miezi 18 au 24 kwa bei ileile. Asiyeandika hivyo hubaki kuomba huruma kwa simu, na huruma ya loji iliyofungwa milango ni ndogo sana.

Kuhusu afya, tulijifunza kwa gharama. Takwimu za UVIKO-19 zilikoma kutolewa mwishoni mwa Aprili 2020, na ndege za kimataifa zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Ni kweli Zanzibar ilipata wageni, hasa Warusi na Waukraine, wakati kwingine kumefungwa. (Soko hilo nalo likatikiswa Februari 2022, vita vilipoanza.) Lakini wateja wa safari ndefu za kaskazini wanategemea bima, na bima nyingi hukosa nguvu serikali ya nchi yao inapoonya watu wasisafiri. Uingereza ilituweka kwenye orodha nyekundu Januari 2021, ikatuondoa Oktoba. Anayerudi London alilazimika kulala hoteli ya karantini siku 10 kwa zaidi ya pauni 1,700. Hakuna punguzo la bei ya safari linaloshinda hilo. Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipoibuka Kagera, wizara ilitangaza, ikataja idadi, na Juni ikatangaza mwisho wake. Mwaka huo tulipokea wageni zaidi ya milioni 1.8.

Na utalii wa ndani? Uhamasishwe, ila tusidanganyane. Mtanzania analipa shilingi 11,800 Serengeti. Ukiikadiria dola kwa shilingi 2,300, inabidi waje 16 hivi kufikia ada ya mgeni mmoja, na kinachowazuia ni gari na malazi, si geti. Hawataokoa mishahara ya hifadhi wakati wa janga. Ndiyo maana akiba ni muhimu, na hapa Sheria ya Fedha ya 2020 ilikuja wakati mbaya kwa kuhamishia makusanyo ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) na ya Mamlaka ya Ngorongoro kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali, katikati ya mwaka ambao taasisi hizo zilihitaji zaidi kujua mkononi zina nini.

Turudi mlimani. Majina ya wapagazi huandikwa getini kabla ya kupanda. Iongezwe safu moja: namba ya muamala wa malipo ya nusu ya mshahara, benki au kwa simu, na nusu iliyobaki ithibitishwe Mweka siku ya kushuka. Kampuni isiyokamilisha isipewe kibali cha kundi linalofuata. Anayeuza kwa dola 1,300 ataonekana siku hiyohiyo, kwa sababu safu yake itakuwa tupu.