Konokono wa Paisley na kisima cha Jambiani

Aliyepita darasa la sheria la mwaka wa kwanza, awe Unguja, Dar es Salaam au Nairobi, anamjua konokono wa Paisley. Agosti 1928, katika mji huo wa Paisley huko Scotland, bibi mmoja alinunuliwa na rafiki yake chupa ya soda ya tangawizi. Akanywa. Soda iliyobaki ilipomiminwa akatoka konokono aliyeoza. Kesi aliyomfungulia mtengenezaji wa soda ikapanda mpaka Baraza la Malodi, mahakama ya juu ya Uingereza zama zile, na mwaka 1932 jaji mmoja, Lord Atkin, akauliza swali ambalo sisi sote tulilikariri: kisheria, jirani yangu ni nani? Jibu lake, kwa maneno yangu: ni yule ambaye kitendo changu kitamgusa kwa karibu mno, hata ikanipasa kumfikiria kabla sijatenda.

Kisa hicho nilikipenda, na bado nakipenda. Lakini muhula uleule tuliokuwa tukimsoma konokono, shangazi yangu wa Jambiani alinipigia simu: kisima chetu kimeingia chumvi. Nyumba ya wageni iliyojengwa nyuma ya uwanja wetu ilikuwa imechimba kisima cha pampu, na pampu ile ikinguruma usiku kucha. "Wewe si ndo wasoma sheria," akaniambia, "hebu nitazamie humo vitabuni, maji yale ya nani?"

Nikatazama. Jibu nililolikuta lilinitia haya kumrudishia.

Niseme kwanza kilichopo chini ya ardhi, maana asiyekijua hataielewa kesi. Ukanda ule wa mashariki ya Unguja, ilipo Jambiani, ni jiwe la matumbawe, limejaa matundu. Maji matamu yamekaa kama utando mwembamba juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini kwa chini. Ukichota kwa ndoo, utando unapumua na mvua zinaurudishia. Ukiuvuta kwa pampu kubwa, chumvi inapanda kutoka chini. Wala haina habari na ukuta wa mtu.

Sasa sheria. Mwaka 1895 Baraza hilohilo la Malodi liliamua kesi ya mji wa Bradford dhidi ya bwana mmoja, Pickles. Chemchemi za mji zilikuwa zikilishwa na maji yanayopita chini ya shamba lake. Pickles akachimba njia ya kuyatoa, na mji ukadai kwamba nia yake ilikuwa kuwabana wanunue shamba lake. Malodi wakasema nia haihusu: maji yanayopenya ardhini bila ya njia maalumu, mwenye shamba ana haki ya kuyavuta, jirani apate asipate. Na sisi Zanzibar tuliipokea sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 7 Julai 1897. Miaka miwili tu baada ya Pickles! Kwa hivyo shangazi yangu, aliyezaliwa Jambiani na hajavuka zaidi ya soko la Darajani mjini, alikuwa anasubiriwa kwenye mlango wa mahakama na Pickles, bwana mmoja wa Yorkshire.

Hapa ndipo nilipo na ugomvi na namna tunavyofundishwa. Sheria binafsi, yaani mikataba, madhara na mali, inasomeshwa mwaka wa kwanza kama hesabu baina ya watu wawili: fulani amemkosea fulani, amlipe. Mazingira yanakuja baadaye, ni somo la kuchagua, na ukilichagua unakuta sheria za serikali: Sheria ya Maji ya 2006 iliyoleta ZAWA, yaani Mamlaka ya Maji Zanzibar, Sheria ya Mazingira ya 2015, vibali, tathmini, faini. Mwanafunzi anatoka na imani kwamba ardhi, maji na bahari vina afisa wake, na kwamba yeye wakili wa mikataba na madai havimhusu. Mie naona kinyume chake. Somo la uendelevu, yaani kutumia bila kuwamalizia wajao, lianze siku ileile ya konokono, ndani ya somo lilelile. Kwani "jirani yangu ni nani" ni swali la nini, kama si hilo?

Wala simaanishi tumtupe konokono. Namaanisha akae meza moja na kisima.

Na kisima kina wazee wake. Mtoto aliyepita chuoni, nasema chuo cha Kurani, amesikia kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana. Aliyeendelea kidogo na fiqhi amekutana na harimu ya kisima: eneo la kukizunguka ambalo mwengine haruhusiwi kulichezea. Kuna wanaotaja dhiraa 40, na kuna wasioweka namba, wakatazama haja ya kisima chenyewe. Sisemi fiqhi inamaliza kesi ya shangazi. Harimu asili yake ni ardhi iliyokuwa tupu ikafufuliwa, na ukishaingia ndani ya milki za watu wanavyuoni wana mjadala mrefu. Wala kadhi wetu si mahakama ya visima. Lakini mwanafunzi aliyeweka Pickles na harimu kwenye ukurasa mmoja atauliza swali ambalo mie sikuuliza mwaka mzima: kwa nini sheria hii ikachagua hivi, ilhali ingeweza kuchagua vyengine?

Chukua na sheria ya mali. Tunakaririshwa kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Haya, nenda Makunduchi ukamwambie mzee kwamba mnazi alioupanda babu yake si wake kwa sababu kiwanja ni cha mwengine, uone atakavyokutazama. Huku kwetu mti umekuwa na mwenyewe na ardhi ina mwenyewe tangu zamani. Baada ya Mapinduzi ardhi yote ikawa ya serikali, zikagaiwa eka tatu tatu, na hata chini ya sheria ya umiliki wa ardhi ya 1992 ulichonacho mkononi ni haki ya matumizi, siyo ardhi yenyewe. Mtu anayeishi hivi ameshakuwa na nusu ya fikra ya uendelevu: ninatumia, sikuja nayo. Mwalimu anaipita, anatufundisha shamba la Kiingereza, halafu mwaka wa tatu anatuletea hiyo fikra kama bidhaa mpya kutoka ng'ambo.

Wakfu ndio unaoniuma zaidi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 1987 ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni kukidhi haja za leo bila kuwanyima wajao uwezo wa kukidhi zao, na kila kitabu kinainukuu. Sawa, ni maneno mazuri. Lakini Umar alipopata ardhi Khaybar akataka ushauri, aliambiwa na Mtume aizuie asili yake na ayatoe sadaka matunda yake. Isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi. Asili ibaki, matunda yaliwe. Hiyo ni sheria binafsi tupu: mtu mmoja, mali yake, tamko lake, na wanaofaidika ni watu ambao hata hawajazaliwa. Nusu ya wanafunzi darasani kwetu walikuwa na wakfu ndani ya koo zao, nyumba ya Mji Mkongwe au kipande cha minazi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana wanaijua njia. Hakuna aliyetwambia kwamba chombo hiki kinaweza kushika msitu wa mikoko au chemchemi kama kinavyoshika msikiti.

Mikataba nitaipitia mbio. Tangu kilimo cha mwani kiliposhika kasi Paje na Jambiani mwaka 1989, mpango wa kawaida umekuwa huu: mnunuzi anatoa kamba, wanawake wanapanda, wanamuuzia yeye, bei anaipanga yeye. Bahari ikipata joto mwani unakufa, na ule wa kotonii wenye bei nzuri ndio unaotangulia. Hasara ya nani? Mpe mwanafunzi swali hilo, badala ya ile kesi ya mikataba tunayokaririshwa, ya ukumbi wa muziki wa London uliokodiwa ukaungua zama za Malkia Victoria.

Rafiki yangu mmoja, wakili, ananicheka. Anasema bahari ikipata joto utamshitaki nani? Jirani wa Atkin yuko karibu, ana sura. Aliyeipasha moto bahari ana viwanda vilivyotapakaa dunia nzima. Hapo kanishika, sikatai. Hata kwa kisima, sikuweza kuthibitisha kwamba ni pampu ile, siyo ukame wa miaka ile au visima vyengine vitano vya jirani. Sheria binafsi inataka mdai, mdaiwa na uzi unaowaunganisha, na mambo ya mazingira hukata uzi huo kila mara. Lakini nani kamwambia kwamba somo linapokwama ndipo lisifundishwe? Mimi nilijifunza maana ya ushahidi siku niliposhindwa kuupata uwanjani kwetu, nikiwa na chupa mbili za maji na daftari, na mlinzi wa nyumba ya wageni akiniuliza natafuta nini.

Siku hizi nasaidia vijana wa mwaka wa kwanza kwenye semina. Muhula uliopita niliwapa kisima, bila kuwaambia cha nani. Walibishana mpaka adhana ya alasiri. Mmoja wa Micheweni akataka kujua kwanza kama pampu ilikuwa na kibali, mwengine akamrukia kwamba kibali cha serikali hakifuti haki ya jirani. Sikuwaamulia.

Shangazi sasa ananunua maji kwa dumu. Kisima amekifunika bati, juu ameweka jiwe, ila ndoo na kamba hakuviondoa. Nilipomwambia vijana wanataka kuja kukiona, akasema waje, lakini waje na maji yao ya kunywa.