Seneti isifutwe kwa hoja ya gharama pekee
Mwandishi mmoja anapendekeza Seneti ya Kenya, yaani baraza la Bunge linalowakilisha kaunti, ifutwe ili kupunguza gharama, lakini naona amehesabu mishahara akazisahau kaunti. Bunge la Taifa lina wabunge wa maeneobunge 290, kwa hiyo sehemu zenye watu wengi husikika zaidi. Katika Seneti, miswada inayohusu kaunti hupigiwa kura na ujumbe wa kila kaunti, kura moja moja, na hapo Lamu husimama sawa na Nairobi. Mwaka 2020 maseneta walivutana kwa wiki nyingi kuhusu mfumo wa kugawa fedha kati ya kaunti ambao ungezipunguzia fedha kaunti za pwani na kaskazini, na huko ndiko kutekeleza wajibu waliopewa na Katiba. Seneti ya kwanza ilifutwa mwaka 1966, na maeneo ya pembezoni yakakosa mtetezi hadi iliporejeshwa mwaka 2013.