Mayweather na Pacquiao wakirudiana: hageuki mara 435 anayekimbia

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Mei 2015, tuliingia kwenye kibanda umiza kimoja, banda la kuonyeshea video, pale Kibirizi, Kigoma, kukiwa bado giza, mwezi umeinamia milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Las Vegas, kulikokuwa na pambano la ngumi tulilolifuata, ilikuwa bado Jumamosi usiku. Zilikuwa siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hulaza mitumbwi kwa kuwa taa zao hazifui dafu mbele ya mwezi, kwa hiyo vijana ambao siku nyingine wangekuwa wanarudi kutoka majini walijaza mabenchi yote. Tulipotoka, jua limeshachomoza, Mmarekani Floyd Mayweather alikuwa amemshinda Mfilipino Manny Pacquiao kwa majaji wote watatu, 118-110, 116-112 na 116-112, na nusu ya banda ilikuwa inapiga kelele neno moja: kakimbia.

Neno hilo limedumu kuliko pambano lenyewe. Kila habari za marudiano zinapoibuka, vijiwe vya Mwanga na Ujiji vinalirudia, safari hii likiwa na mkia: sasa ni mzee, miguu ya kukimbilia hana, Pacquiao atamfikia. Hoja hii ina watu wenye akili nyuma yake na inastahili kuelezwa vizuri kabla ya kupingwa.

Wanasema hivi. Mayweather amezaliwa Februari 1977, Pacquiao Desemba 1978, umri umewafikia wote. Ila Pacquiao amekuwa kazini. Mwaka 2019, akiwa na miaka 40, alimwangusha Keith Thurman raundi ya kwanza na kumshinda kwa pointi. Agosti 2021 akapigwa na Yordenis Ugas, akastaafu, kisha Julai 2025 akarudi akiwa na miaka 46 na kutoka sare na Mario Barrios, aliyekuwa bingwa wa dunia wa WBC na mwenye miaka 30 wakati huo. Mayweather, kwa upande wake, pambano lake rasmi la mwisho kwenye ile rekodi ya 50 bila kupoteza ni la Agosti 2017, dhidi ya Conor McGregor aliyekuwa anapanda ulingo wa ngumi za kulipwa kwa mara ya kwanza. Bondia halisi wa mwisho kusimama mbele yake ni Andre Berto, Septemba 2015. Yaliyomfuata McGregor ni mapambano ya maonyesho. Halafu kuna bega: Pacquiao alipasuliwa bega la kulia siku chache baada ya pambano lile, na kwa kuwa ni mashoto, mkono wa kulia ndio wa mbele, unaofungua njia. Mtu aliyeingia ulingoni na mkono huo mbovu ana haki ya kuomba apimwe upya. Hilo silipingi hata kidogo.

Ninachopinga ni picha ya 2015 ambayo hoja nzima imesimama juu yake. CompuBox, wanaohesabu ngumi, walitoa takwimu za usiku ule. Mayweather alirusha 435, zikafika 148. Pacquiao alirusha 429, zikafika 81. Angalia tena zile tarakimu za kurusha. Yule anayeitwa mkimbizi alirusha ngumi nyingi kuliko aliyekuwa anamkimbiza. Tofauti ni sita tu, sawa, lakini mtu anayekimbia hageuki mara 435. Na Pacquiao, ambaye sifa yake yote ilikuwa mvua ya makonde, alirusha wastani wa 36 kwa raundi. Aliyemnyima nafasi ya kurusha alikuwa palepale mbele yake, hatua moja na nusu, akimbadilishia umbali kila alipotaka kupanda.

Kuna tarakimu nyingine ambayo sijaiacha tangu siku ile. Ukitoa jab, zile ngumi zilizonyooka za mkono wa mbele, makonde mazito ya Mayweather yaliyofika yalikuwa 81 kati ya 168. Yaani makonde yake mazito peke yake yanalingana na kila kitu ambacho Pacquiao alifikisha kwa raundi 12. Bega la kulia linaeleza sehemu moja ya hesabu: jab 18 tu zilizofika kati ya 193. Hilo ni bega, nakubali. Lakini makonde mazito ya Pacquiao yalikuwa 236 na yaliyofika ni 63, na silaha yake kubwa humo ni mkono wa kushoto, ambao ulikuwa mzima.

Raundi ya nne ndiyo inayosahaulika. Mkono wa kushoto wa Pacquiao ulimpata Mayweather sawasawa, naye akarudi hadi kwenye kamba, makonde yakafuata mfululizo. Kibandani watu walisimama, benchi la nyuma likaanguka. Nilikuwa karibu na skrini, nikamwona Mayweather: viwiko vimebana mbavu, kidevu kimefichwa nyuma ya bega la kushoto, ngumi zinaishia kwenye mikono na glovu. Mkupuo ulipoisha akatikisa kichwa. Kwenye dakika mbaya kuliko zote za usiku ule, huyo mnayesema alikimbia alikuwa amesimama kwenye kamba.

Mvuvi mmoja mzee aliyekaa mbele yangu ndiye pekee ambaye hakuinuka. Alisema tu, "Huyo anasubiri wimbi." Siku chache baadaye nilimwona akivuta wavu na vijana watatu. Wao walivuta muda wote kwa nguvu za mabega. Yeye mtumbwi ulipoinuka aliishika kamba tu, ulipotelemka na wavu kulegea ndipo akakusanya, haraka, mikono miwili mitatu, kisha akatulia tena. Vijana walikuwa wanahema. Upande wake wa wavu ulikuwa umetangulia.

Umri huanza na mruko. Ngumi za Pacquiao ni mruko: anaingia kwa kasi, anapiga manne, anatokea pembeni kabla hujajibu. Ule mruko ukipungua hata kidogo, kuingia kunakuwa hatari, na tuliona Desemba 2012, hata hajafika miaka 34, alipoingia moja kwa moja kwenye mkono wa kulia wa Juan Manuel Marquez raundi ya sita na kulala kifudifudi. Na sare ya Barrios inasifiwa kwa haki, ila tazama ilivyokuja: Pacquiao alikuwa mbele, raundi za mwisho zikachukuliwa na kijana, ushindi ukamponyoka. Pumzi ilikata pale ambapo pambano huamuliwa.

Mashabiki wa Pacquiao hunijibu kwa mabondia Bernard Hopkins na Roy Jones Jr., na ni jibu zuri. Jones alishinda Mei 1993. Walirudiana Aprili 2010, miaka karibu 17 baadaye, Hopkins akiwa na 45 na Jones 41, na safari hiyo Hopkins akashinda kwa pointi. Aliyeshindwa kwanza akageuza matokeo. Lakini tuulize nani alikuwa nani. Jones alikuwa mtu wa kasi na kuruka kutoka mbali. Hopkins alimshinda kwa kukumbatia, kupima umbali na kuharibu kila alichojaribu kuanza. Pambano lilikuwa baya kutazama, na hivyo ndivyo mzee mwenye akili anavyoshinda. Kwenye hili letu, mtu wa mruko ni Pacquiao.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo nyembamba, nami siifichi. Ndani ya Mayweather kuna Jones pia. Kukwepa kwake kunategemea jicho linaloona bega la mpinzani likianza kusogea, na jicho hilo halijajaribiwa na bondia wa kweli tangu Berto. Ukikwepa kwa kuchelewa kidogo tu, ngumi iliyokuwa ikipita inakupata. Pacquiao anaweza kushinda, na akishinda itakuwa kwa sababu hiyo.

Nikilazimika kusema litakavyokwenda, nasema raundi tatu au nne za mwanzo ni za Pacquiao, na vijiwe vyote vya Kigoma vitaanza kusherehekea. Katikati Mayweather atakumbatia sana, mwamuzi atawatenganisha mara nyingi, watu watazomea. Kuanzia ya nane mkono wake wa kulia utakuwa unafika wa kwanza, moja moja, bila haraka. Pointi za majaji zitakuwa karibu kuliko 2015, labda raundi saba kwa tano, kwa Mayweather.

Atakayetaka kujua mapema kama nimekosea asiangalie ngumi. Mashoto akipigana na mtu wa mkono wa kulia, miguu yao ya mbele hugombea njia moja, na mwenye mguu wa nje ndiye mwenye konde la nyuma lililonyooka. Mwaka 2015 mguu wa kushoto wa Mayweather ulikuwa nje ya mguu wa kulia wa Pacquiao muda mwingi. Kama dakika mbili za kwanza mguu huo umo ndani, pesa yangu imekwenda.